Kahawa Niliyomtafunia Babu

Nilipokuwa mtoto wa mapengo, nyumbani kwetu Kituntu, babu yangu mzaa baba alishindwa kufa. Nasema alishindwa, maana kutaka alitaka. Tumbo lake lilikuwa limevimba likang'aa kama chungu kipya, na hakukaa mahali pamoja. Mtoeni kitandani, mlazeni kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Sasa nyasi zinamchoma, mrudisheni. Mpelekeni mlangoni. Mlangoni mwanga unamuumiza. Kufika siku ya nne nyumba nzima tulikuwa tumeambukizwa: baba alipasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji, mama akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, na kuku hawakupata pa kutua kwa sababu ya miguu yetu.

Watu walijua sababu, au walisema wanajua, na kwetu hayo mawili hayana tofauti. Zamani Babu na rafiki yake Zakaria walikuwa wamechanjana. Walichanjwa kitovuni, tunda moja la kahawa likapasuliwa, kila mmoja akameza buni yenye damu ya mwenzake. Atakayemsaliti ndugu wa namna hiyo, buni itamvimbia tumboni, na roho haitatoka mpaka asamehewe. Ndivyo tulivyoamini. Usicheke, hata wewe una lako unaloliamini ukiwa peke yako.

Na Babu alikuwa amesaliti. Zakaria alipobatizwa alibomoa kibanda cha mizimu ya kwao, kaka zake wakamfukuza kwa mikuki. Akakimbilia kwetu. Babu akauegemea mlango kwa ndani mpaka sauti iliyokuwa ikimwita ikakoma. Zakaria alipona, akabaki na kovu begani, baadaye akawa mwinjilisti. Tangu siku ile hakuonja hata maji nyumbani kwetu.

Lakini Babu alipozidiwa, Mwalimu Zakaria alikuja kila siku. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kuzunguka kwenye nyumba za watu walio karibu na kufa, wa dini na wasio wa dini. Alisimama karibu na mlango, akasoma, akamwomba Mungu amsamehe mgonjwa, akaenda zake. Babu akageukia ukutani akiguna.

Siku ya tano Bibi alimzibia njia. Bibi yangu hakuwa mtu wa kulialia.

"Mwalimu," akasema, "kila siku unamletea msamaha wa Mungu. Wako umeuacha wapi?"

"Mama, mimi nilishasamehe. Nilisamehe zamani, katika maombi."

"Huko kwenye maombi yeye hakuwepo. Keti umwambie. Utafune naye kahawa."

"Unajua siwezi. Mambo ya damu niliyakataa. Wakubwa wangu wakisikia watanifukuza kazi."

"Nani kataja damu? Umeona wembe hapa? Hii ni kahawa ya mgeni, ile ile unayotafuna kwa majirani zangu wote. Kwao unakula, ukifika kwangu ndiyo unafunga?" Kisha akashusha sauti. "Keti, shemeji."

Kwa jina hilo hakuwa ameitwa kwetu tangu sijazaliwa. Alitazama mlango, akamtazama Babu, akatazama mlango tena. Akaketi kwenye nyasi.

Bibi akapasua tunda moja kavu, lile linalochemshwa na majani ya kunukia. Buni moja akampa Mwalimu. Ya pili akaniwekea mimi kiganjani.

"Mtafunie babu yako ilainike. Mimi sina meno."

"Kwa nini mimi? Si mama yupo?"

"Mdomo wako hauna ugomvi na mtu. Tafuna. Na ole wako umeze!"

Nilitafuna kwa magego, nikiogopa kwamba laana ya Babu itahamia kwangu. Mwalimu naye akawa anatafuna, polepole.

"Rafiki yangu," akasema, "siku ile niliita mpaka koo likakauka. Nilijua uko nyuma ya mlango. Nilikusikia unavyohema."

Babu akafumbua macho. "Niliogopa."

"Najua uliogopa. Ilinichukua miaka kukubali kwamba hata mimi ningeogopa. Nimekusamehe. Mimi mwenyewe, Zakaria."

Na mimi, kwa kutega masikio, nikameza. Yote.

Kahawa nyingine ilikuwepo kikapuni, lakini pacha wa ile buni alikuwa ameshaliwa na Mwalimu. Bibi alikuwa ananitazama. Nikatia kidole mdomoni, kikatoka na mate ya rangi ya kahawa, nikampaka Babu ulimini. Akakinyonya. Akameza.

"Chungu," akasema.

"Ulitaka iwe asali?" Bibi akamjibu.

Mwalimu aliushika mkono wake mpaka akalala. Babu alikufa kesho yake asubuhi, amelalia ubavu ule ule, bila kuomba ageuzwe.

Wazee wakasema, mmeona kahawa? Wa dini wakasema, mmeona sala? Mimi kwa wiki nyingi nilikuwa nikijipima tumbo kila asubuhi kwa kamba ya mgomba, nione kama linavimba. Halikuvimba, ila siku za maharage.

Sasa mimi ndiye bibi. Naitwa kwa wagonjwa pamoja na akina mama wa kanisani. Wenzangu wakifika mlangoni wanaanza kuimba kwa nguvu, kama vile anayekufa ni kiziwi. Mimi namtafuta mwenye nyumba, namuuliza nani hajaja kumwona mgonjwa, na kwa nini. Mara nyingi nachukiwa kwa swali hilo. Mara chache mtu hutumwa kumwita huyo ambaye hajaja.

Miaka mingi nilijihesabu mwizi, nimemnyang'anya mtu anayekufa haki yake. Siku hizi silali tena na wazo hilo, nalala na jingine. Babu alitafuna kahawa tangu ujana wake. Mate ya mtoto na buni asingeweza kuvichanganya. Alikinyonya kidole changu kwa muda mrefu, akanitazama, ndipo akasema ni chungu, kwa sauti ya kutosha Bibi asikie. Nadhani alijua. Alijua, na akaona mimi nisichapwe kwa kitu ambacho yeye hakukihitaji tena.