Nyota Iliyomjia Babu

Mwaka ule wa nyota ya mkia nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi. Nilikuwa nimerudi kufundisha nyumbani, huku kwetu Muleba, na nilijiona najua kila kitu. Babu yangu naye alijua kila kitu, ndiyo maana hatukupatana. Siku habari za nyota zilipofika uani, aliweka chini kibuyu chake akasema, kama mtu aliyepata uhamisho wa kazi, "Imekuja kunichukua."

Hakuna aliyembishia. Nyota ya namna ile ilipotokea yeye akiwa kijana, baba yake alifariki, na wazee wote walijua kwamba nyota yenye mkia haimfuati mtu mdogo. Humfuata mkubwa. Wafalme wetu, ambao babu aliwatumikia kikale, yaani kwenye jumba lao, walikuwa wameondolewa baada ya Uhuru. Babu akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona amebaki yeye. Siku hiyohiyo akasusa chakula. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, aliendelea nayo, kwa hoja kwamba pombe si chakula, ni heshima.

Shida ni kwamba hiyo nyota hakuiona. Macho yake yalikuwa na ukungu wa miaka mingi. "Mwijukuru wange," akaniambia mimi mjukuu wake, "wewe si umesoma? Nichoree, nijue imefika wapi."

Ndivyo nilivyopewa kazi ya kuchora safari ya kifo cha babu yangu. Nilikuwa na darubini ya macho mawili, zawadi ya kaka yangu aliyekuwa kuli bandarini Bukoba. Jicho moja la darubini lilikuwa limekufa, kwa hiyo kwa kweli ilikuwa darubini ya jicho moja, nusu yake nyingine ni uzito wa bure. Niliifunga kwa kamba za mgomba kwenye mwega, ule mti wenye panda tunaoutegemezea mgomba uliozaa, isitikisike. Kwenye karatasi nyeupe nyota haichoreki, unapata doa la masizi tu. Nikachukua kipande cha ubao uliovunjika shuleni. Kila alfajiri nilikidonoa kichwa cha nyota kwa ncha ya chaki, mara moja, basi. Mkia niliulaza kwa ubavu wa chaki, kisha nikaupapasa kwa kidole kikavu mpaka ukafifia mwishoni. Urefu wake niliupima kwa ngumi, mkono umenyooshwa. Niliweka na nyota mbili za jirani, na kando ya ubao alama ya ngumi ngapi kichwa kimeachana na kilima cha upande wa ziwa. Kibatari nilikiacha ndani, kwa sababu jicho likishaona moto linalisahau giza.

Ilikuwa nzuri. Naomba niseme hivyo kabla ya upuuzi uliofuata. Ilisimama upande wa ziwa, kichwa chini, mkia juu, nyeupe na tulivu, na mara nyingi nilisahau kwamba nilitakiwa kuhuzunika.

Babu aliupapasa ubao kwa dole gumba. "Kichwa kiko chini?"

"Kiko chini, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima.

"Basi inashuka."

Kijiji kizima kilikubaliana naye. Ng'ombe anaukokota mkia nyuma, mbwa anaukokota nyuma, panya hali kadhalika. Mkia ukiwa juu, kichwa kinakuja chini, na chini ni kwetu. Nilipojaribu kusema jambo nililosoma chuoni, niliambiwa chuo hakijawahi kufuga ng'ombe. Isitoshe, kila babu alipopapasa aliufuta mkia kwa dole lake, halafu akanigombeza kwamba nimeufupisha.

Ndugu wakaanza kuwasili, kutoka Nshamba, kutoka Kagoma. Shangazi alitoka mjini Rwamishenye na kanga mpya ya msiba, akawa anafanya mazoezi ya kulia nyuma ya nyumba. Babu alimsikia, akamtuma mtoto amwambie apandishe sauti. Wote walikula vizuri. Bibi alipika ndizi kwa wale wanaosubiri, na kila mara alimwekea babu fungu lake kwenye jani, akaliondoa likiwa limepoa. Rubisi ilipoelekea kwisha wakapika nyingine.

Kisha akaja balozi wetu wa nyumba kumi, kofia mkononi. Kwetu msiba ukiingia jembe halishikwi, na siku hizo tulikuwa tunajiandaa kulima shamba la ujamaa, maharage, kabla mvua haijatuacha.

"Ndugu mzee," balozi akasema kwa adabu, "kijiji hakikatai wewe kufa. Kijiji kinaomba ufe baada ya kupanda."

"Nyota haina kadi ya chama," babu akajibu.

Balozi akanigeukia mimi. Mwalimu, mchoro unasemaje, mzee atakufa kabla au baada? Nikaitwa na ubao wangu mkutanoni. Wajumbe waliutazama kwa makini, wakasema mkia ni mrefu mno na unatisha wakulima. Wakapiga kura. Mkia ukapunguzwa kwa wingi wa mikono, na mimi nikaagizwa niufute hapohapo. Nikaufuta. Alfajiri iliyofuata nyota ilitokea na mkia wake wote, haikuwa na habari za azimio.

Nilicheka sana nyakati zile, mpaka asubuhi moja nilipomshika babu mkono kumpeleka uani. Mkono ulikuwa mwepesi kama ukuni mkavu. Kicheko kikaniishia. Nilimpenda yule mzee mbishi, na alikuwa anakufa kwa ubishi, mbele ya watu wanaoshiba.

Nikaukamata ubao kwa hasira na kuzihesabu upya alama zangu za kando. Kila alfajiri kichwa kilikuwa kimeachana na kilima zaidi ya jana. Nyota haikuwa inashuka. Ilikuwa inapanda, na kufifia.

Sikumweleza kwa maneno, maneno yalishashindwa. Nilimsimamisha mlangoni, nikampa ufagio aushike nyuma ya kanzu, uwe mkia. "Moto wa jikoni ndio jua, wewe ndiye nyota," nikamwambia. "Mkia wa nyota hulikimbia jua, siku zote. Uso wako usiache kuuelekea moto. Sasa njoo." Akaja, akipepesuka kwa njaa na rubisi, ufagio ukimfuata. Ndugu waliacha kutafuna. Nikamzungusha nyuma ya mafiga, uso motoni, joto linampiga mashavuni. "Umeshapita. Sasa ondoka, na uso usiugeuze."

Akaanza kurudi kinyumenyume, ufagio umetangulia. Hatua chache tu, akasimama ghafla. Mgongo wake, uliokuwa umepinda, ukainama zaidi, taratibu, kwa ustadi.

"Hivi ndivyo tulivyokuwa tukiaga kikale," akasema. "Mfalme hapewi mgongo."

"Ndiyo, waitu. Nayo iko hivyohivyo. Ilishakuja, sasa inaondoka."

Alifikiri. Niliona jambo likimpanda usoni, na nikajua si elimu yangu. "Kwa hiyo haikuja kunichukua," akasema polepole. "Ilikuja kunisalimu. Na sasa inaniaga kwa heshima."

Ningeweza kumsahihisha kwamba heshima ile ilikuwa ya jua. Sikuwa mjinga kiasi hicho. Balozi ndiye aliyekohoa na kusema kwamba katika nchi ya ujamaa nyota huwaaga wananchi wote kwa usawa. Babu akamjibu kwamba wananchi wengine hawakuiona kwa sababu walikuwa wamelala. Kisha akakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni akaomba chakula.

Hakikuwapo. Waombolezaji walikuwa wamekimaliza. Shangazi akaona haya, akaanza kukunja kanga yake. Bibi alikwangua chungu, akapata ndizi mbili za ukoko, akazileta kwenye jani. Alipoziweka chini, yeye, ambaye wakati wote ule hakutoa chozi, akalia mbele ya watu.

"Ulikuwa unaondoka," akamwambia babu. "Umeaga ndugu, umeaga balozi, umeagana hata na nyota usiyoiona. Mimi hukuniaga."

Babu alielekeza macho yake ya ukungu upande ilikotoka sauti. Akajisogeza kwenye nyasi, akapapasa jani, akamega ndizi moja na kuisukuma upande wa pili. Kisha akasubiri, bila kula, mpaka bibi alipokaa.