Mashimo ya Mshazari Chini ya Meza

Fundi aliyenifunza useremala kijijini Gakindu hakuwa na haja na uso wa meza. Aliipindua kwanza, hata kabla ya kukusalimu. Nilipoacha shule nilikaa kwake miaka mitatu nikichonga kwa patasi ndimi za mbao na matundu ya kuziingiza, kisha miguu ikaniwasha kusafiri, nikatoroka bila kuaga.

Nilipitia Kutus, nikaishia mji wa Chaka, penye upepo mkavu. Karakana ya huko ilikuwa na kifaa cha kutoboa mashimo ya mshazari: unabana mbao, drili inaingia kiubavu, skrubu inavuta vipande viwili hadi vinashikana. Kiungo ambacho kule Gakindu kilinichukua asubuhi nzima, pale kilikwisha kabla chai haijapoa. Nilikipenda kifaa hicho. Lakini kila niliponusa mbao za mti wa mgrevilea zilizopasuliwa karibuni, nilikumbuka benchi langu la kazi kando ya dirisha la yule fundi mzee, na kahawa nje imechanua. Nikaunda meza ili inirudishe huko.

Nilimpelekea Januari, jua likiwa kali. Akaipindua.

"Kumbe mchwa wa Chaka hutoboa kwa mstari!"

"Mzee, ni skrubu hizo. Zinashika kuliko gundi yako."

"Si naona. Kwa fremu ziko sawa." Akagonga ubao wa juu. "Na huku pia umefunga?"

"Kabisa. Hautikisiki."

"Haya, iache hapa. Mvua ikiisha uje, tuone kama benchi ni lako."

Nilirudi Juni. Mbao niliyoikausha kwa upepo wa Chaka ilikuwa imekunywa unyevu wa Gakindu, ikatafuta pa kupanukia, ikakosa kwa kuwa skrubu zimeibana. Uso wa meza ulikuwa umeinuka katikati kama mgongo wa paka. Mzee hakunicheka. Alinipa bisibisi na kipande cha mti mgumu, akanionyesha kwa kidevu benchi la dirishani. Skrubu za fremu nikaziacha, za juu nikazing'oa, na mahali pake nikachonga vibanio vinane vya mbao, vya kushika ubao huku vikiuacha usogee.

"Kesho fungua wewe," akasema, akanirushia ufunguo wa karakana.

Nilikaa hadi kahawa ilipoiva shambani. Kisha nikasikia kuna mtu Nanyuki anayekunja mbao kwa mvuke, nikataka kuona. Safari hii niliaga. Ufunguo alikataa kuupokea.

Ninao mfukoni. Mvua imeanza leo, nami natamani niende nikaipindue ile meza.