Bibi na Kidude cha Kupimia Jua

Mjukuu wake alizaliwa na ugonjwa adimu: jua la dakika chache tu humbabua ngozi. Ndiyo maana bibi haachani na kidude cha kupimia mionzi. Hukielekeza dirishani, kwenye taa, hata kwenye jokofu likifunguliwa, na juzi akakielekeza kwenye upara wa mkwewe. "Mkwe, vaa kofia," akamwambia kwa heshima zote. "Huo unarudisha jua." Kila asubuhi humpaka mtoto mafuta ya kinga kama fundi anayepiga lipu. Leo, siku ya kwanza ya shule, mtoto alikuwa mlangoni na glavu zake na kofia yenye plastiki usoni, bibi akatokea kavaa vivyo hivyo.

"Bibi, wewe jua halikudhuru."

"Najua, mke mwenzangu. Lakini wakitaka kucheka, waanze na mimi."