Mafuta ya Taa ya Nyumba Kumi Niliyatia Kwenye Gari Langu

Shikamooni mlionizidi umri, ingawa nadhani humu hampo wengi. Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na tisa, nimefiwa na mke, nina watoto watano na ni mzee wa kanisa huku Mtoni, Temeke. Nimekuwa nikisoma visa vyenu vya ndoa na michepuko, nikiguna na kuwahukumu watu. Leo nihukumuni na mimi.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa karani, na mtaani kwetu gari lilikuwa moja tu, langu. Gari kubwa la dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne, niliuziwa na mhandisi mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Usukani wake ulikuwa mgumu, ukikata kona mabega yanauma, lakini ukikaa kwenye kile kiti unawaona watu utosini. Asubuhi ulilisubiri kwanza plagi zipate moto, ndipo lingurume mpaka vikombe vya jirani vigongane kabatini. Mvua zikinyesha na njia zetu zikageuka tope, magari ya wakubwa yalikwama, langu lilipita taratibu kama halijaona kitu. Nilibeba wagonjwa, nilibeba maiti, na kila niliposhuka nilipewa mkono. Nadhani ndiyo maana walinichagua balozi wa nyumba kumi.

Kila kitu kilikuwa adimu wakati huo. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, vyote vilikuja kwa mgao na balozi ndiye aliyegawa. Mafuta ya taa tuliyaweka chumbani kwa Mama Somoe, mjane kutoka kusini, mpangaji, aliyekuwa akiuza vitumbua. Tulimchagua kwa sababu kila mtu alimwamini. Funguo za chumba zilikuwa mbili, moja yake na moja yangu.

Basi bosi wangu akawa anaoza binti, akaniomba nimpeleke bibi harusi Kipawa siku ya Jumamosi. Nikaitikia haraka, kifua mbele. Wiki ile dizeli haikupatikana popote na kibali nilikosa. Ningeweza kumwambia bosi, "Mzee, gari halina mafuta." Angeelewa, kila mtu alikuwa hana. Lakini nilikuwa nimeshajiona nikiingia Kipawa, vigelegele vikipigwa na watoto wakikimbia nyuma yangu.

Ijumaa mchana, wanaume wengi wakiwa msikitini na Mama Somoe akiwa sokoni, nilifungua chumba chake. Kulikuwa na madebe matatu ya nyumba kumi, tena baada ya majuma kadhaa ya giza. Nilimimina ya madebe mawili kwenye madumu yangu. Nikayachanganya na oili kidogo ili pampu ya gari isiharibike, kama tulivyokuwa tukifanya wenye magari ya dizeli tukibanwa. Nilijiambia nitayarudisha kabla ya Jumapili, siku ya kugawa. Niyatoe wapi? Nilijidanganya mwenyewe nikajiamini.

Harusi ilifana. Injini iligonga njia nzima na kutoa moshi unaonuka koroboi, nami nikacheka na kusema dizeli ya siku hizi mbaya.

Jumapili watu walikuja na chupa zao. Madebe mawili yakakutwa matupu. Mwenye kuendesha kikao ni balozi, kwa hiyo ni mimi niliyesimama nikamuuliza, "Mama Somoe, mafuta ya wananchi yako wapi?"

Akanitazama kwa utulivu. "Balozi, funguo si tunazo wawili?"

"Yangu haijatoka mfukoni," nikasema.

Jirani mmoja akamwita mama yule mlanguzi, wengine wakadakia. Hatukumpeleka polisi, na nikasifiwa kwamba nimemwonea huruma. Lakini hakuna aliyenunua tena kitumbua chake. Mwenye nyumba akamtaka ahame, akaondoka na bintiye Somoe, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Magodoro yao nikayabeba mimi kwa gari lile lile, na mtaa ukasema balozi ana moyo.

Gari niliuza zamani. Miaka yote hii nimejitetea kwamba shida zilikuwa za wote. Mwezi uliopita nikasikia Mama Somoe yu hai, yuko kwa bintiye Mbezi Luis, anaumwa. Nikaenda. Macho yake hayaoni tena ila sauti yangu aliitambua. Nikaanza kuzungukazunguka na maneno, akanikatiza.

"Balozi, siku ile ya harusi gari lako lilipita mbele yangu sokoni. Mie nilipika kwa mafuta ya taa maisha yangu yote, nisiijue harufu yake?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani? Nyie ndo mlikuwa wenye kikao."

Nililia, watu wazima sisi, nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe siku nyingi, kwa ajili ya roho yake mwenyewe. Kisha akasema, "Ila waliokula vitumbua vyangu bado wananijua mwizi. Waambie wao, na mie nisikie umewaambia, kabla sijafa."

Katika wale wa nyumba kumi wamebaki wanne, na wote nasali nao. Wanangu wamekua wakijivunia baba aliyebeba mtaa mzima kwa gari lake. Jumapili nne zimepita. Kila nikisimama kutoa matangazo kanisani, natangaza kwaya na ujenzi, nakaa. Somoe amenipigia simu jana, mama yake hali chakula tena.

Nimewaambia nyie maelfu msiolijua jina langu. Wanne wanaolijua bado sijawaambia. Wanangu wa humu, nishaurini, naanzaje?