Kumfagilia Mama Njia

Mume wangu alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji kwenye uwanja wa ndege, upande wa Virginia. Miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikaa Silver Spring, na kila theluji ilipoanguka nilimtania: "Haya, mfagizi wa Marekani, umeitwa."

Siku mama yangu alipokuwa anakuja kutoka Tanga kwa mara ya kwanza, theluji ilishuka tangu asubuhi bila huruma. Mama hakujua neno la Kiingereza. Ndege ikipelekwa mji mwingine, angemwuliza nani choo kiko wapi? Niliogopa mno.

Mume wangu alishanieleza. Kando ya njia ya kutulia ndege kuna mlingoti unaorusha mawimbi ya redio, kumwonyesha rubani ateremke kwa mwinamo gani. Baadhi ya mawimbi hayo hudunda kwenye ardhi iliyo mbele ya mlingoti. Theluji ikijaa pale, ni kama ardhi imepanda juu, na mwinamo anaoonyeshwa rubani unakuwa si sahihi. Basi huondolewa, la sivyo mlingoti unazimwa, na rubani asiyeona chini kwa mawingu huenda kutua kwingine.

Siku hiyo alipangiwa hapohapo. Akasafisha vizuri, kisha akafanya kama tulivyolelewa sote: taka za uani unazirundika pembeni kwanza; theluji akairundika palepale karibu na mlingoti. Mwenzake, Mkenya, akamjia juu kwenye redio: "Buda, hiyo snow usiiache hapo! Ni kama hujaclear kitu. Sukuma mbali kabisa!" Akaanza upya, huku ndege ya mkwewe inazunguka juu. Mimi nilikuwa kwenye ukumbi wa kupokea wageni, nakodolea ubao macho, nasali.

Ikatua. Mama akatoka kajifunga khanga juu ya koti. Alipohadithiwa, alicheka mpaka machozi. "Mkwe wangu kanifagilia njia! Mimi mgeni wa namna gani?"

Tangu hapo, kila theluji ilipoanguka alishika ufagio, akaisukuma mbali na mlango wetu. Alisema kuna mama wa mtu yuko angani. Hata aliporudi Tanga, msimu wa baridi ukifika alipiga simu: "Mmefagia?"

Namkumbuka sana. Theluji ya kwanza baada ya msiba wake, mume wangu alinikuta mlangoni na ufagio, nimesimama tu. Hakunitania. Aliuchukua, akafagia mpaka barabarani, naye analia.