Wimbo wa Kinuni

Nilipokuwa mtoto tulikaa mjini, mtaa wa Mabawa, nyumba ya pili kutoka mashine ya kukoboa mpunga, na bado bibi yangu mzaa mama alitwanga. Alihamia kwetu kutoka kijijini Moa na kinu chake, mchi wake, na wimbo wa Kidigo ambao hakuuimba popote ila kinuni. Kila ubeti ulimtaja mwanamke mmoja wa ukoo wetu: alikotoka, aliyemzaa, tabia yake. Mmoja alisutwa kwa uvivu, maskini, mpaka kesho. Mama hakuupenda wimbo ule. Majirani walimcheka kwamba kwao ni shamba, na mama alikuwa mtu wa kujali maneno ya majirani.

Bibi alikuwa na mwiko mmoja.

"Ukitwanga kinu kitupu, unamtwanga mama yako kifua."

Nilikuwa na miaka tisa na kichwa kigumu. Siku moja Bibi alipokwenda msibani, niliuchukua mchi nikatwanga kinu kitupu, nikiimba vipande nilivyovijua na kunung'unika palipobaki. Nilijiona mtu mzima kwelikweli. Siku ya tatu mama akaanza kukohoa. Ya tano akabanwa na kifua, akapelekwa hospitali, akarudi na sindano za asubuhi na jioni, hawezi hata kuinua kikombe.

Nilijua nimemuua mama. Mwishowe nilimfuata Bibi uani, nikamwambia yote huku kamasi zinanitoka.

Hakunigombeza. Alichota mpunga akaumimina kinuni.

"Haya, mdzukulu wangu. Utatwanga mpaka apone. Na uimbe wimbo wote, usiruke hata jina moja."

"Siujui wote, Bibi."

"Ndiyo utaujua."

Nilitwanga siku nne. Viganja vilitoka malengelenge. Nikikosea jina ananirudisha mwanzo, nami kwa hofu niliyokuwa nayo sikuthubutu kubisha. Siku ya nne, alasiri, nilifika ubeti wa mwisho nikakwama kwenye jina la mama yake Bibi. Kabla Bibi hajafungua mdomo, sauti ilitoka dirishani, nyembamba, inakwaruza, ikaumalizia ubeti. Ilikuwa ya mama. Kumbe aliujua siku zote! Bibi aligeukia ukutani, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Mama alipona. Kwa miaka mingi niliamini nimemponya mimi, na nilitamba kwelikweli. Ni juzijuzi tu, Bibi keshazikwa kwao Moa, ndipo mama aliponiambia, huku akicheka, kwamba siku niliyokwenda kuungama, daktari alikuwa ameshamwambia Bibi hatari imepita.

Basi alinihadaa. Aliiona hofu ya mtoto, akaitia kinuni pamoja na mpunga. Ningeweza kusema ulikuwa ukatili, na zipo siku nilizosema. Lakini binti zangu, ambao Kidigo chao ni cha kubahatisha, wanawataja wanawake saba wa kwao kwa majina, na anayewasahihisha ni mama yangu, kwa sauti kubwa, madirisha wazi, majirani wote wakisikia. Sidhani kama ningeambiwa ukweli ningelishika hata jina moja. Ahsante, Bibi, kwa kunidanganya.