Depo ya Majembe

Mvua imenyesha, na jembe nyuma ya mlango wangu linanuka kutu na udongo mbichi. Ndivyo ilivyonuka depo ya shule, stoo ya vifaa.

Asubuhi inspekta alipokuja kumpima mwalimu wetu, siye tuliokuwa wazito wa kushika masomo tulifungiwa humo, pamoja na majembe ya salongo, ile kazi ya lazima ya pamoja.

"Munyamaze kabisa," mwalimu alisema, jasho likimtiririka. "Mukikosa jibu mbele yake, atanipa pointi mubaya. Watanitupa kule mbali, Bambu."

Kufuli likalia. Joto likatukaba. Tulipokezana ufa wa mlango ili kuvuta pumzi.

Darasa lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na tulisikia kila kitu.

"Mbegu inahitaji nini ili iote?" aliuliza inspekta.

"Maji!"

"Joto!"

"Na nini tena?"

Wale wenye akili wakarudia maji na joto tu. Mimi nilikuwa ninalijua jibu. Nikasogeza mdomo kwenye ufa, lakini mwenzangu akaniziba kwa kiganja chenye udongo.

"Watoto wa darasa hili ni hawa tu?"

"Ndiyo, sitwaye inspekta," mwalimu akajibu, kwa lile neno la heshima la enzi zile. "Iko hawa tu."

"Hewa," nikasema ndani ya kile kiganja.